Jumapili Moja Aliyoiomba Mama Triza

Mheshimiwa Munyoki, uliyekuja leo bila kamati yako na bila kile kipaza sauti chenye taa nyekundu, Mchungaji wetu Wanyonyi pamoja na Mama Mchungaji, Bwana Chifu, Mzee Dirie, jirani yetu wa duka la jumla, ambaye najua umeacha wateja mlangoni, wazee wa kanisa, akina mama, vijana wa kwaya, na wewe Mama Triza Ayuma, ambaye leo umekalishwa huku mbele badala ya kwenye meza yako ya pembeni: Bwana asifiwe. Na kwa jirani zetu Waislamu waliokuja kutushika mkono, assalamu aleikum.

Mimi ni Shiundu, katibu wa Kanisa la Nuru ya Asubuhi, na siku za kazi ni mtunza stoo katika kiwanda cha sabuni. Nimeombwa nimuage mweka hazina wetu, anayestaafu leo, na ambaye Jumanne anapanda basi kurudi nyumbani Lugari moja kwa moja. Mtu mwingine angewaeleza miaka yote aliyotutumikia. Mimi nitawaeleza siku mbili tu, Alhamisi moja ya mwezi wa Machi na Jumapili iliyoifuata, kwa sababu siku zote mbili nilikuwa nimekaa nyuma yake, na kwa sababu mpaka leo nikizikumbuka naacha ninachofanya nikatulia kwanza.

Mtakumbuka kwamba mwanzoni mwa mwaka huu kamati moja ya Bunge ilikuwa ikichunguza fedha za makanisa. Haikuwa inatuchunguza sisi peke yetu, na tuseme ukweli, ndugu zangu, ilikuwa na sababu. Sisi wenyewe tumeona wahubiri ambao magari yao hayawezi kukata kona katika barabara za mtaa wanaochukua sadaka zake. Kamati ilichukua makanisa makubwa, kisha ikachukua na madogo ya Eastlands, ikayachambua kwa hesabu tulizopeleka kwa msajili. Ndipo ikaja barua kwamba Mchungaji na mweka hazina wafike mbele ya kamati, na kwamba hesabu zikionekana kuwa za uongo, kamati itapendekeza usajili wetu ufutwe.

Hapakuwa na mtu humu ndani asiyejua maana yake. Usajili ukifutwa, mabati haya yanapigwa kufuli. Nasari iliyo nyuma ya madhabahu, ambako watoto wenu wanashinda ninyi mkiwa viwandani na sokoni Gikomba, inafungwa pia. Watu walianza kuulizana mlangoni baada ya ibada, polepole, kama watu waliotoka kumwona mgonjwa.

Na ni nini kilichotupeleka huko? Kuku.

Wageni wetu, naomba niwaeleze mambo ya hapa. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakuwa na mnada wa sadaka. Asiye na pesa analeta ndizi, mwingine sukuma wiki, mwingine mayai, na ndugu yetu Ndolo, ambaye wiki nzima anauza mitumba Gikomba, anasimama hapa mbele na kuvinadi. Kule vijijini kwetu, mtu akinunua kuku kwenye mnada wa kanisa anamfunga miguu na kwenda naye nyumbani. Lakini hapa Dandora atakwenda naye wapi? Chumba ni kimoja, kitanda kiko upande huu wa pazia na jiko upande ule, na mwenye ploti ameandika kwenye geti kwamba hataki mifugo. Kwa hiyo mtu hununua kuku, humpakata kidogo watu wakapiga makofi, kisha humrudisha mezani na kusema auzwe tena kwa kazi ya Bwana. Anauzwa. Anarudi. Anauzwa tena. Jioni analala kwa Mchungaji, ambaye ana kipande cha ua, na mwezi unaofuata anaripoti kazini.

Sasa Mama Triza, kwa uaminifu wake, alikuwa akiandika kila mauzo yanapotokea. Kuku mmoja. Kuku mmoja. Kuku mmoja. Hakuna kati yetu aliyeona ajabu, kwa sababu sote tulikuwa tunamfahamu kuku mwenyewe. Lakini wale vijana wa Bunge wanaosoma hesabu hawamfahamu. Walijumlisha, wakakuta kwamba kanisa la mabati, lisilo na shamba wala banda, limeuza kuku wa kujaza lori.

Alhamisi ile tulifika Bungeni mapema, Mchungaji, Mama Triza, na mimi kama katibu. Tulipekuliwa langoni, tukapewa kadi za kuvaa shingoni, tukapita kwenye zulia ambalo Mama Triza alilikanyaga kwa vidole kama mtu anayepita sakafu iliyopigwa deki. Tuliambiwa kamati ina shughuli nyingine kwanza, lakini kikao ni cha wazi, tukae viti vya nyuma tungoje. Tukakaa. Na huko nyuma ndiko nilikoona jambo ambalo sikuwahi kufikiria kwamba nitaliona kwa macho yangu.

Kwenye kiti cha mashahidi alikuwa afisa mkuu wa polisi. Si wa kituo wala wa kaunti. Huyu alikuwa anatuwakilisha katika shirika la polisi la kanda, lile linalounganisha polisi wa nchi jirani ili mhalifu akivuka mpaka asipate pa kujificha. Alikuwa na medali kifuani mpaka nikajiuliza shati linazibebaje. Maafisa aliokuja nao walijipanga ukutani. Ndugu zangu, sisi tumeishi mtaa huu. Sisi ni watu ambao askari mmoja wa kawaida akisimama kwenye kona, tunajikumbusha kama kitambulisho kiko mfukoni. Je, ni nani kati yetu aliwahi kumwona mkubwa wa polisi akiulizwa swali, naye akilijibu?

Aliulizwa. Mheshimiwa Munyoki, mwenyekiti wa kamati, alimuuliza kwa adabu, bila kupaza sauti, kila nchi inachangia nini na sisi tunachangia nini. Akamuuliza kile chuo cha mafunzo kilichokubaliwa na nchi zote kimefikia wapi. Kisha akamuuliza swali ambalo mimi nililibeba mpaka nyumbani: shirika likiwa la nchi nyingi, ni nani analiuliza? Afisa alifungua kurasa, akazirudisha. Aliinua glasi ya maji, akanywa. Mwisho akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba muda nilete majibu kwa maandishi." Akapewa wiki mbili. Akasimama, akapiga saluti, akatoka na watu wake.

Mama Triza alinigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shiundu, kumbe na wao huulizwa?"

Nikamwambia ndiyo, huulizwa.

Akakiangalia kile kiti, ambacho bado kilikuwa kimegeuka kidogo jinsi afisa alivyokiacha. "Na ni kiti hicho hicho tutakachokalia?"

Kabla sijamjibu tukaitwa. Na kilikuwa kiti hicho hicho. Hawakuleta kingine kidogo kwa ajili ya watu wa Dandora. Glasi ilibadilishwa, maji yakamiminwa mapya, na yule mhudumu aliyemwita afisa "bwana" alimwita Mama Triza "mama" kwa heshima ile ile. Nimefanya kazi stoo miaka mingi na nimezoea kuona vitu vikipangwa kwa ukubwa. Siku ile sikuona ukubwa. Niliona kiti, na swali, na zamu ya mtu. Nilipata hofu, nakiri, lakini ilikuwa hofu ya mtu aliyesimama chini ya kitu kirefu sana, akainua macho, asione mwisho wake.

Mchungaji alianza yeye. Aliulizwa kama kanisa lina shamba la kuku, akasema hapana. Akaulizwa kuku wote hawa walitoka wapi. Akasema, "Waheshimiwa, ni kuku mmoja." Chumba kizima kikacheka. Mjumbe mmoja, mama mwenye miwani, alisema kwao pia kuna mnada wa kanisa, lakini anayenunua kuku anakula kuku. Mwingine akasema, "Mchungaji, hapa Nairobi tunajua ploti moja inayouzwa kwa watu watano. Sasa mmefika kwenye kuku?" Wakacheka tena, hata mimi nilicheka kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu lilikuwa jibu ambalo hata Ndolo angelipenda. Lakini Mchungaji alikuwa anajipangusa shingo, na kila alivyozidi kueleza ndivyo kuku alivyozidi kuonekana wa uongo. Ukweli wetu ulikuwa unafanana sana na wizi wa watu wengine, na hilo si kosa la kamati.

Ndipo Mama Triza alipokisogelea kipaza sauti. Hakuinuka, kwa sababu alikuwa ameona afisa hakuinuka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "yule afande umempa wiki mbili alete karatasi. Mimi karatasi zangu mnazo, na ndizo zilizonitia taabuni. Mimi nipe Jumapili moja. Njooni mwone kuku."

Watu walitaka kucheka kwa mara ya tatu, lakini Mheshimiwa hakucheka, basi wakaacha. Alimuuliza mnada unaofuata ni lini. Akamwambia ni Jumapili hii. Mheshimiwa aliwaangalia wenzake kushoto na kulia, akasema, "Mama, tutakuja."

Na mlikuja. Mheshimiwa, leo naweza kukwambia kwamba hatukuamini. Tuliposikia wabunge wanakuja kanisani, tulifikiri tutaona kile tulichozoea: msafara, ving'ora, bahasha, na hotuba ndefu kuliko mahubiri. Mlikuja watatu, mkaketi benchi la tatu, mkaimba mlizozijua. Mjumbe mwenye miwani alikuwa na kalamu mkononi muda wote.

Baada ya baraka Ndolo alimtoa kuku. Ni yule mwekundu, mnamfahamu. Ndolo akasema kuku huyu ni kamera, kama zile nguo za kwanza bale likifunguliwa, hana doa wala kiraka, na amehudhuria ibada kuliko baadhi ya wazee wa kanisa. Fundi wa magrili akamnunua, akampakata, akamrudisha. Mama wa samaki akamnunua, akamrudisha. Mzee Dirie, ambaye hakosi mnada wetu ingawa swala yake ni kwingine, akainua mkono. Ndolo akamtania, "Mzee Dirie, leo unaokoka?" Naye akamjibu, "Mimi nataka kuku. Wokovu siuoni hapo mezani." Akamlipia, akamrudisha. Mjumbe mwenye miwani alimfuata, akamuuliza kwa nini Mwislamu anunue kuku wa kanisa asiyemchukua. Mzee Dirie akamwambia, "Watoto wa wateja wangu wanasoma hapa nyuma. Hapa pakifungwa watakuja kushinda mlangoni kwangu, na mimi ni mzee."

Kuku akaenda na kurudi, na makofi yakaongezeka, na vijana wa kwaya wakaanza kumwimbia. Wanaojua mnada wetu wanajua pale unapopamba moto mtu hukumbuka amesimama baada ya kuwa amesimama. Ndivyo ilivyokuwa. Mheshimiwa Munyoki alisimama, mkono mmoja juu na mwingine tayari mfukoni, akataja kiasi ambacho sitakitaja hapa, na kanisa zima likalipuka kwa vigelegele. Mchungaji alifumba macho kama mtu anayeshukuru. Kwani nani asingeshukuru? Mwenyekiti wa kamati yenyewe alikuwa anamnunua kuku wetu.

Mama Triza aliinuka kwenye meza yake ya pembeni. Aliweka kiganja juu ya kisanduku, hivi.

"Mheshimiwa, naomba uketi," akasema. "Wewe umekuja kutuuliza. Ukinunua kuku huyu, kesho utaniuliza vipi? Na wewe nani atakuuliza?"

Vigelegele vilikatika. Nilisikia mabati yakilia kwa joto. Nilimwona Mchungaji akifumbua macho, nikawaona wazee wakiangalia sakafu, na mimi nikaanza kuhesabia kichwani ni nasari gani nyingine iliyo karibu. Ndugu zangu, usajili wa kanisa hili ulikuwa mikononi mwa yule mtu aliyesimama, na mwanamke wa meza ya pembeni alikuwa amemwambia aketi.

Mheshimiwa aliutoa mkono mfukoni ukiwa mtupu. Akasema, "Ni kweli, mama." Akaketi.

Nimeyaona mambo makubwa kwa televisheni kama ninyi. Nimeona marais wakiapishwa na majaji wakisoma hukumu. Lakini kama mjukuu wangu ataniuliza siku moja nchi huonekana vipi, nitamwambia niliiona mara mbili katika wiki moja. Mara ya kwanza ilikuwa mtu mwenye medali amekaa kwenye kiti na kuomba muda. Mara ya pili ilikuwa mtu mwenye mamlaka amesimama katika kanisa la mabati, akaambiwa aketi, akaketi.

Ripoti ilitoka mwezi wa Mei. Usajili wetu haukufutwa. Lakini tusijidanganye kwamba tulisifiwa. Kamati ilisema mnada ni wa kweli na hesabu zimeandikwa vibaya: kinachoingia kila kuku anapouzwa ni mchango wa mtu, na kiandikwe kwa jina la mtu, na mtu apewe risiti. Ilisema pia jambo ambalo hatukuulizwa kule na tulikuwa tumelinyamazia: kwamba Mchungaji na mkewe hawafai kuwa ndio watia sahihi wawili wa akaunti moja. Mama Mchungaji mwenyewe alisimama hapa akasema ameshukuru, kwa sababu kila mara kanisa likikosa pesa alikuwa anaulizwa sokoni kabla ya mumewe. Siku hizi wanatia sahihi watu wa nyumba tatu tofauti.

Na yule afande? Najua mnataka kujua, kwa sababu Mama Triza aliniuliza kila Jumapili. Alirudi. Nilimsikia kwenye redio nikiwa stoo. Sijui majibu yake yalikuwa mazuri kiasi gani. Hayo ni ya waheshimiwa kupima, na nimesikia wanaendelea kuyapima. Ninachojua ni kwamba wiki mbili zilipokwisha, alirudi akakalia kile kiti. Nilipomwambia, Mama Triza aliitikia kwa kichwa akasema, "Nilijua atarudi. Mtu akishakikalia kile kiti, kinamjua."

Mama Triza, sasa nageukia kwako, na vijana naomba mlete kile kikapu.

Miaka yote uliyokaa kwenye meza ile, hukuwahi kununua kuku huyu hata mara moja. Tulikuuliza kwa nini. Ulituambia kwamba anayeshika kisanduku hainui mkono. Na hata ungemnunua ungempeleka wapi, katika chumba chako cha pale nyuma ya kinyozi? Ulimwandika akienda na akirudi, akienda na akirudi, na kila mara alipita mbele yako bila kuwa wako.

Leo asubuhi kabla hujafika, tulimuuza kwa mara ya mwisho. Hakununuliwa na mtu mmoja. Amenunuliwa na kila aliye humu, na Mzee Dirie, na Ndolo aliyesema atakosa mfanyakazi mwenzake. Mheshimiwa Munyoki hakuchanga chochote; alikataa mwenyewe kabla hatujamkataza. Kule Lugari watoto wako wamekujengea nyumba, na nyumba ina ua, na kwenye ua kuna banda. Kuku huyu, baada ya kazi yote hii, amepata mahali pa kulala.

Na kwa kuwa wewe ndiwe uliyetufundisha kuulizwa bila kuogopa, mweka hazina mpya, dada yetu Lenah, hakukubali umchukue hivi hivi. Risiti hii hapa. Ina tarehe ya leo, ina jina lako, ina sahihi za watu watatu wa nyumba tatu. Naisoma kama ilivyoandikwa: "Kuku mmoja. Harudi."

Mama, njoo umchukue kuku wako. Nasi wengine tusimame. Kwa utulivu mlionipa chini ya mabati haya ya moto, nawashukuruni nyote, na Bwana awabariki.